Kulea si kukuza, jamani

Imenifika tena wiki hii. Mswada wa kijitabu cha wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 5, na kila palipostahili kulea pameandikwa kukuza. "Mzazi amkuze mtoto kwa upendo." "Baba naye ashiriki kukuza watoto." Nikampigia mwandishi simu, akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, si visawe hivyo? Sikutaka kurudiarudia neno moja."

Jibu hilo nimelisikia tangu siku niliyoanza kuhariri, na safari hii limenichosha. Najua linakotoka. Linatoka kwenye zile orodha za visawe tulizokaririshwa shuleni: lea, kuza, tunza, stawisha, endeleza, zote mstari mmoja na alama ya usawa katikati. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba lolote atakalochomoa humo litakaa popote.

Kuza ni kutendesha kwa kua, hapo hakuna ubishi. Ukikuza kitu, kitu hicho kimeongezeka. Picha, sauti, mtaji, uchumi: vyote vinakuzwa, na kisipoongezeka hujakikuza. Lea haidai ongezeko. Inataja kazi ya anayelea: kulisha, kuogesha, kukesha, kuonya, kungoja. Jaribu sentensi mbili. "Nimeulea mche huu mwaka mzima, haukukua." Inasikitisha, lakini imesimama. Sasa sema: "Nimeukuza mche huu mwaka mzima, haukukua." Sentensi inajipinga yenyewe. Mama mwenye mtoto mgonjwa asiyeongezeka uzito amemlea, tena pengine kuliko sisi wote. Ukimwandikia "kukuza" unampimia kazi yake kwa mizani ya kliniki.

Wahenga walilijua hili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kulea ni kwako, kukua ni kwake. Badilisha useme "umkuzavyo ndivyo akuavyo" uone methali inavyobaki maganda matupu.

Lakini pale ninapoumia hasa ni kwenye kulea kwa ubaya, kwa sababu huko kosa linaweza kumharibia mtu jina. Tunasema mtu analea ugonjwa, analea uzembe, analea rushwa. Hapo hakuna upendo wala uji wa asubuhi. Maana yake ameona, ana uwezo wa kukata, na hakukata. Kukuza rushwa ni shtaka jingine kabisa: kwamba kwa mkono wake ameifanya iwe kubwa kuliko alivyoikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea makala iliyosema mwalimu mkuu fulani "anakuza utoro". Nikamuuliza mwandishi, mwalimu huyo amefanya nini? Hakufanya kitu, akasema, anawaona watoto wakiruka uzio na ananyamaza. Basi analea utoro! Kunyamaza ni kulea. Kukuza kungehitaji awafungulie geti. Mwandishi aliona ninambana kwa herufi nne tu, ila mwenye kusomwa vibaya na kijiji kizima alikuwa yule mwalimu.

Palilia nayo ina tabia yake. Anayepalilia haugusi mmea, anang'oa kinachousumbua na kuusogezea udongo shinani. Kwa hiyo kupalilia chuki ni kali kuliko kuilea: mtu ameshika jembe, anaisafishia chuki njia. Nikiikuta mahali pake siigusi.

Kutunza nitapita haraka. Unatunza gari, siri, fedha, mgonjwa, kaburi. Baba anayetuma hela kila mwezi anatoa matunzo, na hilo ni jambo kubwa, lakini malezi ni yale yanayofanywa na aliye karibu na mtoto anapoamka usiku. Mifugo tunaifuga, na ndevu vilevile. Kustawi waachieni mimea, miji na biashara. Na tazama kiambishi -ji- kinavyofanya kazi: aliyejilea ni yatima aliyehangaika peke yake, anayejikuza ni mwenye majivuno.

Kosa jingine, nalo linanikera kwa sababu linabadili maana yote. Katika kutendwa, lea inafuata njia ya pokea: pokea, pokelewa, lea, lelewa. Nimesoma kwenye wasifu wa mtu mzima, mwenye heshima zake, "alilewa na shangazi yake tangu utotoni". Kulewa ni kwa pombe. Silabi moja imewatia mtoto na shangazi kilabuni.

Sasa niseme yanayonitatiza. Nchini Kenya magazeti yanaandika wakulima "wanakuza" chai na maparachichi, na "ukuzaji wa kahawa" ni lugha ya kawaida kabisa. Sisi Tanzania tunalima kahawa, tunaotesha miche kitaluni, na kukuza zao kwetu kunanukia mipango ya wizara. Zamani nilikuwa naisahihisha. Nimeacha. Wenzetu wanaitumia kwa utaratibu wanaoelewana, na mmea unakua kweli, kwa hiyo jaribio langu la sentensi mbili haliwatii hatiani.

La pili ni gumu zaidi. Wapo watu, tena wasemaji wazuri wa lugha hii, wanaosema "bibi ndiye aliyenikuza". Kwa kanuni niliyoieleza hapo juu ningepaswa kuandika "aliyenilea". Mwezi uliopita ilinijia katika masimulizi ya mzee mmoja aliyefiwa na mama akiwa na siku chache. Anasema walimwona hana siku nyingi, na bibi akamkamulia maziwa ya mbuzi mpaka akasimama. "Bibi ndiye aliyenikuza." Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaisoma mara tatu. Huyu hasemi alilelewa, hilo amelieleza kurasa mbili nzima. Anasema kuna mtu hapa kwa sababu mtu mwingine alimfanya aongezeke, gramu kwa gramu, wakati hakuna aliyetegemea.

Niliiacha ilivyo. Ila kijitabu cha wazazi nimekirudisha kwa mwenyewe, na "kukuza" zote nimezizungushia duara.