Je, wajua kwa nini daftari la shukrani huchosha ukiliandika kila siku?

Mwulize mtu asubuhi "habari za kwako?" naye atakujibu "tunamshukuru Mungu" au "alhamdulillahi" kabla hujamaliza swali. Jibu ni la kweli, ila mara nyingi mdomo umetangulia na moyo bado uko kitandani. Wanaoanzisha daftari la shukrani hupatwa na hali hiyohiyo. Wiki ya kwanza kalamu inakimbia yenyewe. Wiki ya tatu kila ukurasa umeandikwa "afya, familia, uhai". Wiki ya tano daftari limegeuka la hesabu za maziwa. Tuanze na shukrani hiyo, kisha tuguse ndoto kubwa na nafsi kupanuka.

Si uvivu. Akili ya binadamu huona badiliko, na kinachokaa palepale huacha kukiona, kama anayeishi jirani na mashine ya kusaga asivyosikia mlio wake mpaka umeme ukatike. Maji yakikosekana siku nne, ndoo ya kwanza yanaporudi hushangiliwa na nyumba nzima. Wiki mbili baadaye bomba linafunguliwa bila kutazamwa. Shukrani nayo huzoeleka vilevile.

Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walilipima jambo hili kwa wiki 6 na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, jingine mara tatu. Furaha iliongezeka kwa wale wa mara moja. Wale wa mara tatu hawakupata nyongeza. Hii haina maana kwamba kila siku ni vibaya. Zoezi la mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, la mwaka huohuo, lilikuwa la kila usiku: mambo 3 yaliyokwenda vizuri na sababu ya kila moja. Lakini lilipangwa kwa wiki moja tu, na waliofaidika kwa muda mrefu zaidi ni wale walioendelea kwa hiari yao. Kwa hiyo anza kila usiku kwa wiki moja ukipenda, kisha shuka hadi mara moja kwa wiki, siku unayoijua: Alhamisi usiku, Jumapili jioni, vyovyote.

Robo saa inatosha. Andika mambo 3, yasizidi 5, na kila moja lipate sentensi mbili au tatu. "Nashukuru kwa marafiki" haina kitu cha kushika. "Rafiki yangu alinikalia foleni ya hospitali kuanzia saa 12 asubuhi ili nimpeleke mtoto shule" ina mtu, ina saa, ina gharama aliyobeba. Utaona pia kwamba mambo mengi yaliyokwenda vizuri yana mkono wa mtu mwingine ndani yake.

Yakianza kujirudia, usitafute mapya kwa nguvu. Geuza upande: andika jinsi jambo hilo lingeweza kabisa lisitokee. Minkyung Koo na wenzake walijaribu hivyo mwaka 2008 kwa watu walio kwenye mahusiano ya kudumu. Walioandika namna ambavyo wangeweza wasikutane na wenzi wao waliridhika na uhusiano zaidi ya walioandika walivyokutana. Ni ile hali ya maji kukatika, ila unayakata kichwani.

Hapa kuna mitego. Shukrani ya "afadhali mimi kuliko yule" hutegemea jirani abaki chini, akinyanyuka, inakwisha. Shukrani ya kuambiwa ("umshukuru Mungu una kazi," na mshahara wa miezi miwili haujaingia) ni kufungwa mdomo tu. Mtu anaweza kushukuru na akadai haki yake siku hiyohiyo. Na msaada wenye masimango hauzai shukrani, huzaa deni: Philip Watkins na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba kadiri mtoaji anavyotarajia kurudishiwa, ndivyo mpokeaji anavyojiona mdaiwa na shukrani yake inavyopungua. Jambo la namna hiyo usilazimishe kuliingiza daftarini. Tena, aliyezama kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, asiachiwe daftari pekee. Faida yake kwa ugonjwa huo imeonekana kuwa ndogo, na anahitaji mtaalamu.

Sasa ndoto kubwa. Wengi hushauriwa wafumbe macho na kuiona imeshatimia: nyumba, gari, duka lenye foleni. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, alitumia miaka mingi kupima ushauri huo na akakuta kinyume chake. Katika utafiti wake wa mwaka 1991 na Thomas Wadden, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito na kujiota tayari wembamba walipungua kilo 11 hivi chini ya wale ambao picha zao hazikuwa tamu kiasi hicho. Kutarajia kufaulu kulisaidia. Kujiota umeshafaulu kulikwamisha. Baadaye yeye na Heather Kappes waliona kwamba ndoto tamu hushusha hata shinikizo la damu: mwili unatulia kana kwamba kazi imeisha, na nguvu ya kuanza inapotea.

Dawa yake si kuota kidogo. Ota kikubwa, kisha papo hapo weka kikwazo mbele ya ndoto. Chukua fundi cherehani anayetaka kufungua duka lake ndani ya miaka 2. Kwanza ataje anachotaka. Pili, kwa dakika chache, aone matokeo yake yaliyo bora: kibao chenye jina lake, mashine tatu zinalia. Tatu atafute kikwazo kilicho ndani yake mwenyewe, maana "mtaji hakuna" ni kweli lakini haimwonyeshi la kufanya kesho. Pengine ni kwamba faida ya jioni huiacha njiani kabla ya kufika nyumbani. Nne apange kwa "ikiwa… basi…": ikiwa nimepokea malipo ya mteja, basi kabla ya kukunja kitambaa natumbukiza 2,000 kwenye kibubu. Mpango wa namna hii, ulioanzishwa na Peter Gollwitzer, hushinda nia ya jumla kwa sababu tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha.

Mpangilio usigeuzwe. Ukianza na kikwazo ndipo uote, hakuna kinachofungamana. Na ukikuta kikwazo hakipitiki, zoezi hili litakupunguzia hamu. Hilo nalo ni faida: unaiachia ndoto hiyo na nguvu zako zinakwenda kwingine.

Mwisho ni nafsi kupanuka, yaani kuona na kujali zaidi ya wewe mwenyewe. Njia yake ni ya ajabu kidogo: hupanuka unapojiona mdogo. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na chungu huyo, yaani sisimizi, hawezi kujua hivyo mpaka atoke kwenye kifuu. Mwaka 2015 Paul Piff na wenzake waliwasimamisha wanafunzi kule Berkeley dakika 1 tu, wengine wakitazama juu kwenye mikaratusi mirefu sana, wengine wakitazama jengo refu. Kisha mtu akadondosha kalamu kadhaa kana kwamba ni bahati mbaya. Waliotazama miti walimwokotea nyingi zaidi.

Toleo unaloweza kulifanya mwenyewe lilijaribiwa kwa wazee mwaka 2020: matembezi ya dakika 15 mara moja kwa wiki, kwa wiki 8, kila mara ukitafuta kitu kinachokushangaza. Katika picha walizojipiga, kadiri wiki zilivyopita, sura zao zilichukua nafasi ndogo zaidi ya picha na tabasamu likazidi. Mbuyu unatosha, ufuko maji yakitoka unatosha, anga la usiku wa mgao wa umeme linatosha kabisa. Badilisha njia kila wiki, kwa sababu hata mbuyu huzoeleka, na simu itoke mfukoni kwa ajili ya hiyo picha moja tu.