Nguvu ya mkimbiaji haitoki kwenye mapaja peke yake

Kila Jumapili alfajiri kikundi chetu cha jogging kinatoka Temeke kwa nyimbo, na kila Jumapili nasikia wakongwe wakiwaambia wageni kwamba mbio ni misuli tu: mwenye mapaja manene ndiye atakayefika mbali.

Hapana. Kila unapokanyaga, kano ya kisigino, ile ambayo wengi tunaiita mshipa wa nyuma ya mguu, huvutika kama mpira wa manati. Unapojisukuma kwenda mbele, hujirudi na kukurudishia zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu iliyohifadhi. Iliyobaki inapotea kama joto. Mwaka 1987, R. McNeill Alexander na wenzake huko Uingereza walikadiria kwamba kano hiyo hubeba kama asilimia 35 ya nguvu inayopokelewa na kurudishwa katika hatua moja ya mbio, na upinde wa unyayo asilimia 17. Huo ni msaada ambao msuli haukuugharamia! Na ndani ya msuli wenyewe kuna titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, inayourudisha msuli uliovutwa.

Jaribu hapo ulipo. Chuchumaa, tulia sekunde tatu, ruka. Kisha bonyea haraka uruke papo hapo. Mara ya pili utapaa zaidi, kwa sababu ya mrejeo huo na kwa sababu misuli ilishajikaza kabla hujaondoka chini.

Wengine wanasema kujinyoosha nusu dakika kunarefusha msuli. Kinachobadilika kwanza ni uvumilivu: neva zinakubali mvuto zaidi.

Kualisha vidole nako hakuleti ugonjwa wa viungo. Mlio ule unatokana na gesi ndani ya ute wa kiungo. Daktari Donald Unger wa Marekani alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa miaka 60, wa kulia akauacha, na mikono haikutofautiana. Lakini mlio wenye maumivu au uvimbe upeleke hospitali.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kudhani kano hukomaa sawa na misuli. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kiini cha kano ya kisigino karibu hakijengwi upya baada ya miaka 17 ya mwanzo ya maisha. Wiki ya nne mgeni anajisikia mwepesi, anazidisha kilomita mara mbili. Misuli imeshakubali, kisigino kinahitaji miezi.