Ukikwama kisiwani, usikimbilie kufunga chelezo

Nimeratibu kazi za utafutaji na uokoaji baharini kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni namna ya kutengeneza chelezo. Watu wanataka kujua magogo yafungwe vipi, tanga lishonwe kwa kitu gani. Nami huwauliza: nani anajua kwamba uko hapo? Aliyekwama kisiwani hutoka siku anapoonekana. Habari ya magogo ni ya mwisho kabisa.

Niwaonyeshe hesabu tunayoipiga mbele ya ramani. Tuseme chombo kimezimikiwa injini, na tunajua kilipokuwa mara ya mwisho. Kinasukumwa na mkondo na upepo maili 1 ya baharini kwa saa, lakini hatujui kinaelekea wapi. Baada ya saa 24 kinaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 44, yaani zaidi ya kilomita za mraba 6,000. Baada ya saa 48 eneo hilo limekuwa mara nne, karibu kilomita za mraba 25,000. Ndege ni zilezile, na kichwa cha mtu majini, kikitazamwa kutoka juu, hakina tofauti na povu la wimbi. Kisiwa hakisogei. Kimo kwenye ramani, na rubani akitumwa atakifikia. Ukikiacha, umejirudisha mwenyewe kwenye lile duara.

Mwaka 2024 wanaume watatu walikwama Pikelot, kisiwa kidogo kisicho na watu huko Mikronesia, baada ya injini ya mashua yao kuharibika. Hawakujaribu kupiga makasia kurudi. Walipanga makuti mchangani wakaandika neno la Kiingereza la kuomba msaada, HELP. Jamaa yao alikuwa ametoa taarifa kwamba hawajarudi, ndege ikatumwa, wafanyakazi wake wakaliona neno lile, na baada ya siku mbili meli ikawachukua wote watatu wakiwa hai. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2020, wengine watatu waliokolewa kisiwa hichohicho kwa herufi SOS. Tazameni mambo mawili yaliyofanya kazi hapo: mtu wa nyumbani aliyejua walikuwa wanakwenda wapi, na mistari iliyonyooka. Bahari na msitu havichori mistari iliyonyooka wala pembe kali, ndiyo maana jicho la rubani huinasa mara moja.

Ukikosa nafasi ya kuandika neno zima, kuna alama za kimataifa: V maana yake tunahitaji msaada, X maana yake tunahitaji daktari. Kiwango cha chini ni urefu wa mita 2.5, lakini mimi nasema ifanye kubwa kadiri nguvu zinavyoruhusu. Rundika mawe au makuti yawe na kimo ili yaangushe kivuli kinachoonekana kutoka juu, na uweke juu ya mstari wa takataka ulioachwa na maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nasisitiza bamvua kwa sababu maji yanayojaa leo si kipimo cha yatakayojaa wiki ijayo.

Kisha kioo. Kioo kidogo cha kujitazamia, hata kipande cha bati kilichong'arishwa, hupeleka mwanga wa jua kilomita nyingi. Wengi hukipungapunga hovyo na mwanga unapita pembeni mwa ndege. Fanya hivi: nyoosha mkono mmoja mbele, tanua vidole viwili, na uiweke ndege katikati yake. Kwa mkono wa pili shika kioo karibu na jicho, ukigeuze taratibu mpaka doa la mwanga liangukie vidole vile. Sasa litikise polepole, lipite kidole hiki, liivuke ndege, liende kidole cha pili. Fanya mazoezi kabla ndege haijaja, maana ikija itakuwepo kwa dakika chache tu.

Moto uandae mapema: marundo matatu ya kuni kavu yaliyopangwa pembetatu, yamefunikwa yasilowe, na majani mabichi pembeni ya kutoa moshi mchana. Kama una kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti katika masafa ya 406 MHz, kiwashe, antena iielekee anga, na usikizime.

Maji ya bahari usiyanywe hata tone. Figo haziwezi kuitoa chumvi yote ile bila kutumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Chimba nyuma ya kilima cha kwanza cha mchanga. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake chini ya ardhi. Ukiona unyevu, acha hapo, yajikusanye. Ukizidi kwenda chini utayafikia ya chumvi.

Je, hakuna wakati wa kuondoka? Upo. Mwaka 1916 mvumbuzi Ernest Shackleton na wenzake walifika Kisiwa cha Elephant, karibu na Antaktika, na hakuna mtu duniani aliyejua wako huko. Hapo kusubiri tu kusingewasaidia. Watu 6 waliondoka Aprili 24 kwa mashua ya kweli, iliyoinuliwa kingo na seremala na kufunikwa juu, wakiwa na nahodha, Frank Worsley, aliyeweza kupima jua kwa sekstanti, kifaa cha kujua mahali ulipo baharini. Walifika kisiwa cha South Georgia, palipokuwa na watu wa kuomba msaada, Mei 10. Waliobaki, watu 22, walichukuliwa wote wakiwa hai Agosti 30. Kama huna mashua kama ile na mtu kama Worsley, baki ulipo.

Na anayeondoka hubeba roho za wanaobaki. Hadithi ya kisiwa cha Tromelin, kwenye Bahari ya Hindi, bado huniuma. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa iliyobeba watumwa ilivunjika hapo. Mabaharia waliunda chombo kwa mabaki ya meli wakaondoka, wakawaacha watumwa wapatao 60, Wamalagasi wa Madagaska, na ahadi ya kuwarudia. Gavana wa Kifaransa wa Mauritius alikataa kutuma meli. Ilipofika meli iliyowachukua mwaka 1776, walikuwa wamebaki wanawake 7 na mtoto mchanga mmoja.

Rubani akishakuona mchana hutikisa mabawa ya ndege. Usiogelee kukifuata chombo kitakachokuja. Mwamba na mawimbi ya ufukweni yanaweza kukuua mbele ya macho ya waokoaji. Na wakifika, swali la kwanza litakuwa hili: mko wangapi, na kuna aliyeondoka? Kama yupo, tunataka kujua saa aliyoondoka, upande alioelekea, na upepo ulivyokuwa siku hiyo. Yaandikeni kwenye ubao saa ileile anapoondoka, kwa sababu kwake yeye duara limeshaanza kupanuka.