Potasiamu inayopanda njiani: pampu ya seli na baridi ya Makete

Ikifika Juni, maabara za huku kwetu Mbeya huanza kutoa majibu ya potasiamu yanayomtoa daktari jasho. Mgonjwa kafika zahanati kwa miguu yake, anafuatiliwa presha tu, anakula na kulala vizuri. Majibu yanasema potasiamu 7.2, kiwango ambacho moyo unaweza kugoma wakati wowote. Ukiinua chupa kwenye mwanga unaona seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda, ya njano safi, haina wekundu hata kidogo, yaani seli hazikupasuka. Kreatinini iko sawa, kwa hiyo figo hazina kesi ya kujibu. Kisha unasoma fomu: damu ilichukuliwa jana mchana milimani Makete, ikalala kwenye kisanduku cha chanjo chenye barafu, ikapanda basi alfajiri.

Mgonjwa huyo hana shida ya potasiamu. Imepanda ndani ya chupa, yeye akiwa ameshafika nyumbani.

Ndani ya seli nyekundu ya damu potasiamu imejaa kuliko nje kwa zaidi ya mara 20. Sodiamu ni kinyume chake: kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyo nje ya seli, iko kati ya millimoli 135 na 145 kwa lita, wakati potasiamu ya hapo ni 3.5 hadi 5 tu. Utando wa seli ni wa mafuta, na ioni (chembe zenye chaji ya umeme, kama hizi za sodiamu na potasiamu) hazipenyi kwenye mafuta, lakini protini zilizopachikwa humo huacha upenyo, kwa hiyo potasiamu inavuja kwenda nje na sodiamu inavuja kuingia, saa zote. Kinachozuia pande hizo mbili zisilingane ni protini moja inayofanya kazi ya mtu anayefua maji kwenye mtumbwi unaovuja pale Matema: tundu hawezi kuliziba, ila akipumzika mtumbwi unajaa.

Protini hiyo ndiyo pampu ya sodiamu na potasiamu. Ikiwa imefunguka upande wa ndani, inashika ioni tatu za sodiamu. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inakuja, inaiachia fosfeti moja. Fosfeti ikishanasa, protini inajikunja: ndani panafungwa, nje panafunguka, na mashiko yaliyokuwa yameibana sodiamu yanalegea, nayo inatoka. Umbo hilo jipya linaipenda potasiamu, zinakaa ioni mbili. Fosfeti inabanduka, protini inarudi ilivyokuwa, potasiamu inaachiwa ndani. Tatu zimetoka, mbili zimeingia, ATP moja imeliwa, na mzunguko unaanza upya. Mwili uliotulia tuli hutumia takriban moja ya tano hadi robo ya nishati yake kwa shughuli hii peke yake, na hapo mtu hajainua hata jembe.

Aliyeikamata pampu hii ni Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, akitumia neva za miguu ya kaa. Alichapisha mwaka 1957, Nobel ya Kemia akaipata mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Lakini dalili za kwanza zilitoka kwenye damu iliyowekwa baridini, kitu kilekile kinachotusumbua sisi. Mwaka 1941 Harris, huko Marekani, alionyesha kuwa seli nyekundu zikikaa kwenye baridi hupoteza potasiamu, na ukizirudishia joto pamoja na glukosi huivuta tena ndani. Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi akaonyesha kuwa dawa za moyo za jamii ya digoksini huzuia uvutaji huo. (Sumu ya mishale ya msunguti, ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliitumia tangu zamani, ni ya jamii hiyohiyo na inaua kwa kuifunga pampu hii.)

Sasa baridi inafanya nini? Protini inayolazimika kujikunja na kujikunjua huzubaa vibaya joto likishuka, na ATP nayo hutengenezwa polepole. Seli nyekundu haina mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli nyingine, kwa hiyo ATP yake yote inatokana na kuvunja glukosi. Uvujaji nao hupungua, lakini kidogo ukilinganisha na pampu. Kwenye nyuzi 4 pampu karibu imesimama na potasiamu inaendelea kutoka saa baada ya saa, bila seli hata moja kupasuka. Ndiyo maana jicho halioni kitu.

Kinachonivutia mimi ni kwamba damu inayotoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hukosea kwa upande wa pili. Kule bondeni Novemba ni joto, pampu inachapa kazi, seli zinavuta potasiamu ndani na kula glukosi ya kwenye chupa. Sampuli ikichelewa kidogo, potasiamu inasoma chini kuliko ukweli na sukari pia. Ikichelewa zaidi, glukosi inaisha, ATP inakatika, na potasiamu iliyokuwa imeshuka inaanza kupanda. Maabara ile ile inapokea makosa mawili yaliyo kinyume, kutegemea gari limetoka mlimani au ziwani.

Simlaumu muuguzi wa zahanati. Kafundishwa miaka yote kwamba chanjo isitoke kati ya nyuzi 2 na 8, na damu anaiona ni kitu cha kutunzwa vilevile. Lakini damu ya kupima potasiamu isiwekwe kwenye barafu kabla ya kutenganishwa. Iache kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 15 hadi 25, na usiku wa Julai kule Makete chumba chenyewe hakifiki hapo. Izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa mbili, seramu itengwe na seli. Ikishatengwa, iweke kwenye friji na isafiri utakavyo. Pasipo sentrifuji, afadhali mgonjwa atolewe damu karibu na maabara. Na usimimine damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau kwenye chupa nyingine: dawa ya humo ni chumvi ya potasiamu.

Potasiamu ya juu ya kweli ipo, hasa kwa wenye figo mbovu au wanaotumia spironolaktoni, dawa ya moyo na presha inayobakiza potasiamu mwilini. Kwa hiyo mgonjwa mwenye majibu ya kutilia shaka apimwe umeme wa moyo na atolewe damu nyingine hapohapo. Akionekana mgonjwa, usisubiri maabara. Asiye na dalili, umeme wa moyo ukiwa sawa, usimkimbilie na insulini: insulini huichochea pampu hiihii, na potasiamu iliyokuwa salama itashuka kweli, pamoja na sukari.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiipashe joto sampuli iliyopoa, kama Harris alivyofanya. Seli zitavuta potasiamu, ndiyo. Ila hakuna anayejua zitavuta kiasi gani kabla hujapima, na mashine haitakuambia zimeishia wapi. Hiyo sampuli tupa, andika kwenye fomu saa ya kuchukua na mahali ilipolala, uombe nyingine.