Kukoroma: majibu kwa wenzi wanaokesha

Kukoroma ni nini hasa?

Ni sauti ya hewa inayopita mahali pembamba. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, kimio na nyama laini ya kaakaa hutikisika kila anapovuta pumzi. Njia ikibana zaidi, sauti huzidi.

Mbona mwingine anakoroma na mwingine hakoromi?

Wengi tunaowaona hapa kliniki wana mambo yale yale: unene, hasa wa shingoni, pombe ya jioni, sigara, pua iliyoziba kwa mafua au mzio, na kulala chali. Umri nao huchangia, na wanawake wengi huanza baada ya kukoma hedhi. Wapo pia wembamba wenye taya dogo wanaotikisa nyumba nzima, kwa hiyo msiwacheke wanene peke yao. Mjamzito aliyeanza kukoroma aseme kliniki, hasa kama presha inapanda au uso umevimba.

Mume wangu anakoroma sana. Si ndiyo dalili kwamba amelala usingizi mzuri?

Hapana, dada yangu. Hapana, hata kama mama mkwe alikuambia hivyo, na hata kama yeye mwenyewe anajisifu kwamba analala fofofo.

Huwa tunawaomba wake waige wanachokisikia usiku. Wengi huiga hivi: anakoroma, sauti inapanda, inapanda, halafu kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Sekunde 10, 20, pengine zaidi. Kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageuka, anaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote.

Kimya hicho ndicho kinachotutisha kuliko kelele. Koo limejifunga. Oksijeni kwenye damu inashuka, presha inapanda, moyo unataabika, mpaka ubongo umwamshe kidogo tu ili apumue. Pumzi ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa, na mchana mtu anasinzia au amechoka bila sababu, huo ni ugonjwa. Ikifika mara 30 kwa saa ni ugonjwa mkali, na hesabu yake ni mara moja kila dakika 2, usiku kucha. Mtu wa namna hiyo hulala saa 8 na kuamka kama hakulala kabisa. Usingizi mzuri uko wapi hapo?

Lakini amekuwa hivyo miaka mingi na hajaumwa.

Hajaumwa, au hajapimwa? Muulize kama anaamka na kichwa kinauma na mdomo umekauka. Hesabu anaamka mara ngapi kwenda kukojoa. Angalia kama presha yake inagoma kushuka ingawa anakunywa dawa mbili tatu. Hawa wa "miaka mingi" ndio tunaowapokea wakiwa na kiharusi au mapigo ya moyo yaliyovurugika, na familia inasema alikuwa mzima. Mwingine hujitetea kwamba hata baba yake alikoroma hivyo. Basi aulize pia baba alikufa na nini.

Na kama anaendesha gari huku macho yanafumba, usukani auache mpaka apimwe na kutibiwa. Hapo hatubembelezi.

Nimpe dawa ya usingizi apumzike vizuri?

Usithubutu. Dawa nyingi za usingizi hulegeza koo ambalo tayari limelegea, na huchelewesha kule kushtuka kunakomrudishia pumzi. Pombe hufanya vivyo hivyo. Kila mara tunakuta mtu anayekunywa bia kadhaa "ili alale", kisha mkewe analalamika kwamba siku hizo ndizo mbaya zaidi. Bila shaka ndizo.

Nyumbani tufanye nini?

Kama pumzi haikatiki na mchana yuko mzima, alale ubavu. Mto mgongoni husaidia asirudi chali, na wengine hushona mpira mdogo nyuma ya fulana. Pombe aache, au angalau asiiguse saa chache kabla ya kulala. Sigara aache. Uzito ukipungua hata sehemu 1 ya 10, wengi huona tofauti. Pua isafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache, maana yakizoeleka pua huziba kuliko mwanzo. Wewe weka vizibo vya masikio, au tangulia kulala. Pete na vibandiko vinavyoahidi muujiza wa usiku mmoja, viacheni dukani.

Mtoto akikoroma?

Wakati wa mafua si neno. Lakini anayekoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, huenda ana mafindofindo makubwa au nyama nyuma ya pua. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo. Msingoje "akue aache".

Hospitali watamfanya nini?

Atalala amevishwa vipimo kidoleni, puani na kifuani, vihesabu pumzi na oksijeni. Ugonjwa ukithibitika, tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo libaki wazi. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, akaitangaza mwaka 1981. Wengine hupewa kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele, wachache hufanyiwa upasuaji. Barakoa ikibana, rudi ubadilishiwe. Mashine iliyofungiwa kabatini haijawahi kumtibu mtu.

Anakataa kabisa kwamba anakoroma.

Mrekodi kwa simu, dakika chache tu, hasa pale panapokuwa kimya. Si kwa ajili ya kuchekesha kundi la familia: mchezee mwenyewe, kisha tuletee. Na njoo naye siku ya kliniki. Tukimuuliza yeye peke yake atasema analala vizuri, na hadanganyi, maana wakati huo amelala.