Bafu la Kirumi la Bath: kipi cha Warumi, kipi si chao

Watalii wengi wanaofika mjini Bath, Uingereza, hupiga picha bwawa la kijani lililozungukwa na nguzo na sanamu za watawala wa Kirumi, wakiamini ndivyo lilivyokuwa miaka 2,000 iliyopita. Sivyo.

Sanamu zile zilichongwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria, na baraza ya juu unayosimama ukitazama chini ni ya wakati huohuo. Ukitaka kumwona Mrumi, inamisha macho: chini ya nguzo vimebaki vitako vya mawe ya kale, na sakafuni mwa bwawa mabamba ya risasi yaliyotandikwa na mafundi wake bado yanazuia maji yasivuje.

Na ule ukijani? Zamani bwawa lilifunikwa na paa kubwa la kuba. Paa lilipoporomoka, jua likaingia, mwani ukamea. Penye chemchemi maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, na hayana rangi hiyo. Kwangu mimi, mtaro wa Kirumi unaopeleka maji ya ziada mto Avon ndio unaostahili picha, maana bado uko kazini, na chuma kilichomo majini kimeacha mawe yake na rangi ya kutu.

Kuoga humo hairuhusiwi, maji hayajasafishwa. Anayetaka kujitosa aende Thermae Bath Spa, jirani tu, iliyofunguliwa mwaka 2006.