Hatshepsut na hasira ya Thutmose ambayo haikuwapo

Mwanafunzi akiona picha ya ukuta wa Deir el-Bahari, hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri ya kale kama farao, wenye umbo lake lililokwanguliwa, jibu linamtoka papo hapo: Thutmose III, mtoto wake wa kambo, alimchukia, na Hatshepsut alipokufa tu akamfuta. Nimelisikia kwa watalii pia, na kwa walimu wenzangu, ambao ndio wananiudhi zaidi kwa kuwa tarehe wanazo.

Tuhesabu. Hatshepsut alifariki karibu 1458 KK, mwaka wa 22 wa utawala wa Thutmose III. Ufutaji ulianza karibu mwaka wake wa 42. Hasira gani hulala miaka 20 ndipo ishike patasi? Kwanza Thutmose aliendelea kulipamba Hekalu Jekundu la Karnak, kwenye mahekalu makuu ya Misri, ambalo Hatshepsut aliliacha halijaisha, akaweka na jina lake humo. Kulibomoa kulikuja baadaye. Tena tazameni kilichofutwa. Mafundi waliandama sura zake za ufalme. Zile zinazomwonyesha kama malkia, mke wa Thutmose II, nyingi ziliachwa. Mwenye chuki na mtu asingechagua hivyo. Kilichokuwa tatizo ni yeye kuhesabiwa miongoni mwa wafalme, wakati Thutmose, sasa mtu mzima sana, anamwandalia kiti mwanawe Amenhotep II na anataka ukoo usomeke baba kwa mwana bila kukatika. Hayo ndiyo maelezo ninayoyakubali. Na ushauri wangu ni ule ule kila muhula: kabla hujampa mtu wa kale hasira, angalia mwaka.

Eti alimpokonya mtoto kiti? Thutmose III alikuwa mdogo mno baba yake alipofariki karibu 1479 KK, na Hatshepsut akashika hatamu kwa niaba yake. Kufikia mwaka wa 7 alikuwa amejitwalia vyeo vyote vya farao, lakini kijana hakuvuliwa ufalme. Alichorwa pamoja naye, na miaka iliendelea kuhesabiwa tangu siku kijana alipotawazwa.

Kwamba alijifanya mwanamume? Ndevu za bandia anazoonyeshwa nazo zilikuwa vazi la kifalme, kila farao alizivaa. Maandishi yake yanamwita Binti wa Ra, yaani wa mungu jua, na zipo sanamu zake zenye mwili wa kike waziwazi.

Farao wa kwanza mwanamke pia si yeye. Sobekneferu alimtangulia kwa zaidi ya miaka 300.

La mwisho linapendwa sana huku kwetu, kwamba Punt, nchi ya kale alikopeleka merikebu katika mwaka wa 9, ni pwani ya Waswahili. Samaki waliochongwa chini ya merikebu hizo katika kuta za Deir el-Bahari ni wa Bahari ya Shamu, na vipimo vya nyani wa Punt waliokaushwa Misri kuwa mumia vinaelekeza Eritrea, Ethiopia na Somalia. Miti ya manemane iliyobebwa kutoka Punt na mizizi yake ndani ya vikapu huota huko huko.